Pikiniki ilianza kwa kula bia, si kwa kunyonga watu

Ukoo wetu una desturi ya kwenda ufukweni mara moja kwa mwaka, wakubwa kwa watoto, siku chache kabla ya Ramadhani kuingia. Safari iliyopita orodha ilikuwa imeanza kujaa vizuri kwenye kundi letu la WhatsApp: huyu sambusa, yule maji na barafu, shangazi pilau, vijana mkaa na samaki. Binamu yangu akauliza, "Jamani, pikiniki Jumapili tunaondoka saa ngapi?" Haikupita dakika tano shangazi akaweka ujumbe mrefu, wa ile aina iliyokwisha kupita kwenye simu za watu wengi kabla ya kufika kwake. Ulisema kwamba neno pikiniki ni laana. Kwamba lilizaliwa Marekani enzi za utumwa, Wazungu walipokuwa wakikusanyika na vikapu vyao vya chakula, wanachagua mtu mweusi mmoja, wanamnyonga, kisha wanakula. Kwamba neno lenyewe ni mkato wa maneno ya Kiingereza: pick, yaani "chagua", pamoja na lile tusi wanalotukanwa nalo watu weusi. Chini yake shangazi akaongeza kwa mkono wake: "Wanangu, tusilitamke tena. Sisi tunakwenda mandari."

Sikumjibu palepale. Shangazi ni mwalimu mstaafu, hana tabia ya kubeba kila kinachorushwa, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Ugumu ni kwamba ujumbe ule umefunga pamoja vitu viwili, kimoja si kweli hata kidogo na kingine ni kweli tupu, na anayekata kamba kwa haraka huonekana anakanusha vyote viwili. Asili ile ya neno ni ya kutungwa. Watu waliouawa mbele ya umati uliokuja na watoto na chakula hawakutungwa na mtu. Nimeona heri nichukue nafasi niyatenganishe taratibu.

Paris, 1649

Pikiniki ni neno la Kifaransa, pique-nique. Maandishi ya mwanzo yanayojulikana kuwa na neno hili yalichapwa Paris mwaka 1649, katika mashairi ya dhihaka. Mji ulikuwa katika ghasia za Fronde, uasi wa wakubwa na mahakimu dhidi ya serikali iliyokuwa ikitawala kwa jina la Louis XIV, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi. Mashairi yale yanahusu kundi la marafiki wa kula na kunywa, na Pique-nique limo ndani ya jina la kundi hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1690 kamusi ya asili za maneno ya Gilles Ménage ikalieleza wazi: kula à pique-nique ni kula ambako kila mmoja analipa fungu lake. Mwaka 1740 neno likaingia katika kamusi ya Akademia ya Ufaransa.

Tazama kilichokosekana katika maelezo hayo. Hamna nyasi, hamna mti wa kivuli, hamna kikapu wala mkeka. Chakula kinaweza kuliwa chumbani, mgahawani, popote. Kinachofanya mlo uitwe pique-nique ni namna ulivyogharimiwa.

Waswahili wana msemo wake kamili: kula bia. Najua kijana wa leo akisikia "bia" anaona chupa, lakini ile bia nyingine, iliyotuzalia ubia na mbia, ni kushirikiana kwa kuchanga. Kula bia ni kila mtu kutoa chake, kikanunuliwa au kikapikwa chakula kimoja, kikaliwa na wote waliotoa. Ménage alihitaji sentensi nzima kueleza jambo ambalo bibi zetu walilisema kwa maneno mawili.

Kama kuna shaka kwamba pique-nique ya zamani haikuhitaji uwanja wala umati, ushahidi wa Jean-Jacques Rousseau unaimaliza. Katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia siku zake za Paris katika miaka ya 1740, alipokuwa akiishi karibu na jumba la Opera. Mwanafalsafa Condillac, ambaye bado hakuwa na jina, alikuwa akija mara nyingine kula naye, wao wawili tu, ana kwa ana, en pique-nique. Watu wawili chumbani, kila mmoja na fungu lake. Hiyo nayo ilikuwa pikiniki, na kwa Mfaransa wa wakati ule haikuwa na upungufu wowote.

Viungo vya neno vinaoana na maana hiyo. Piquer ni kuchoma kwa ncha, kudokoa, kudonoa kama kuku anavyodonoa punje. Nique lilikuwa neno la kitu kidogo kisicho na thamani, na hapo linafanya kazi ya mwangwi pia, likiitikia sauti ya piquer. Lugha nyingi hupenda kurudia sauti namna hii ili neno lipate wepesi mdomoni. Sisi tuna pilikapilika na hekaheka, na tofauti ni kwamba Kifaransa hapa kimebadili konsonanti ya mwanzo katika kurudia. Kudonoa vitu vidogovidogo: hapa olivi, pale kipande cha jibini, kila mtu amekuja na kidogo chake.

Jinsi neno lilivyotoka nje

Kutoka Ufaransa neno likavuka mipaka, kwanza kwenda nchi za Kijerumani. Tarehe 29 Oktoba 1748 Lord Chesterfield wa Uingereza alimwandikia barua mwanawe, aliyekuwa masomoni Leipzig, akimwambia amependa maelezo ya "pic-nic" yake. Anachokizungumzia ni mkusanyiko wa ndani wenye karata na mazungumzo, na baba anatumaini mazungumzo yamezidi kinywaji. Barua hiyo ndiyo mfano wa mwanzo unaotajwa wa neno hili katika Kiingereza. Kwa zaidi ya miaka hamsini baada yake, Mwingereza wa kawaida hakuwa na habari nalo.

Lililowafikisha Waingereza wengi kwenye neno hili ni fujo moja ya London. Baada ya Mapinduzi ya 1789, Wafaransa wa tabaka la juu walikimbilia huko kwa wingi, na desturi zao za mezani zikaja nao. Kufikia mwaka 1802 kikundi cha mabwana na mabibi wenye nafasi kiliunda Pic Nic Society, kikiongozwa na Kanali Henry Greville. Walikutana katika kumbi za Tottenham Street, wakicheza michezo ya kuigiza wao wenyewe, wakipiga muziki, na kula. Chakula kilipangwa kwa kura: unachota karatasi, ukikuta bata basi bata ni wako kuleta. Wenye majumba ya maigizo hawakufurahi. Richard Brinsley Sheridan wa Drury Lane aliona wateja wake matajiri wanajifungulia jumba lao la burudani, magazeti yakapamba moto, na James Gillray, mchoraji wa vibonzo aliyekuwa akiogopwa kuliko wote Uingereza, akawachora bila huruma. Kikundi hakikudumu. Lakini kejeli za magazeti zilikuwa zimelitangaza neno, na sasa kila mtu London alikuwa amelisikia.

Mara tu baada ya hapo neno likatoka nje ya ukumbi, na hapa ndipo penye fundo hasa la historia yake. Mwaka 1806 John Harris wa London alichapa kitabu kidogo cha watoto kuhusu harusi ya ndege wawili. Wageni, ndege na wanyama, wanakuja kila mmoja na chakula chake, na karamu inaliwa nje. Maana ya zamani na maana mpya zimekaa kwenye ukurasa mmoja: bado watu wanachanga, lakini sasa wako chini ya mbingu. Mwishoni mwa 1815, riwaya ya Emma ya Jane Austen ilipotoka, matembezi ya kwenda kula Box Hill huko Surrey yalikuwa jambo ambalo msomaji hakuhitaji kuelezwa.

Kula nje chenyewe ni kitendo cha kale kuliko neno. Wawindaji wa Ulaya ya zama za kati walikuwa wakiandaliwa karamu msituni. Wairani huondoka majumbani siku ya kumi na tatu ya mwaka wao mpya wakala kwenye majani. Wajapani hukaa chini ya micheri inapochanua. Waingereza walikuwa na desturi yao pia, ila hawakuwa na jina zuri la kuiita. Karne ya 19 ilipoanza, washairi na wachoraji wao walikuwa wamewafundisha watu kuipenda mandhari ya mashambani, watu wa mijini wakaanza kuitafuta, na neno jipya lenye mlio mwepesi lilikuwa tayari limelala mezani. Wakalichukua.

Walilifanyia jambo moja ambalo ningependa msomaji aliangalie vizuri. Mwaka 1861 Isabella Beeton alitoa kitabu chake kikubwa cha mambo ya nyumbani, na ndani yake kuna orodha ya pikiniki ya watu 40. Mapande ya nyama ya ng'ombe iliyopoa, moja la kuokwa na moja la kuchemsha. Mbavu mbili na mabega mawili ya mwanakondoo. Kuku wanne, bata wawili, ulimi, pai za nyama na za njiwa, kambakoche sita, matango sita, na kuendelea. Anaonya watu wasisahau kizibuo. Maji, anasema, kwa kawaida hupatikana hukohuko, hakuna faida kuyabeba. Ni orodha ya kushangaza, lakini hakuna hata mstari mmoja unaosema nani analeta nini. Nyumba moja inalisha wote, na kazi yote ni ya wapishi na watumishi wa nyumba hiyo. Kuchanga kumekwisha. Kitu kilichokuwa roho ya neno kule Paris kimeanguka njiani, na pambo lililokuja baadaye, yaani kuwa nje, ndilo lililobaki kuwa maana. Hata Wafaransa, baada ya muda, walilipokea neno lao likirudi kutoka Uingereza na maana ya mlo wa nje.

Kwetu lilikuja na Kiingereza cha wakoloni, na Kiswahili kikalifanyia kazi yake ya kawaida: konsonanti zilizogongana zikawekewa irabu, mwisho ukafungwa kwa irabu, likawa pi-ki-ni-ki. Lakini halikukuta nafasi tupu. Mandari lilikuwapo, na linaeleweka hadi leo pwani: kutoka kwenda kustarehe mahali pazuri na chakula. (Sauti yake iko karibu sana na mandhari, tuliyoipata kutoka Kiarabu manzar, kitu cha kutazamwa. Nasema iko karibu na ninaishia hapo, kwa sababu muda si mrefu tutaona kufanana kwa sauti kunavyoweza kumpeleka mtu pabaya.) Halafu iko vunja jungu yenyewe, hii inayotutoa sisi nyumbani kila mwisho wa Shaabani. Kwenye vunja jungu ya ukoo wetu hakuna mwenye nyumba anayelisha watu 40. Kila mlango unatoa. Orodha ile kwenye simu, sambusa kwa huyu na mkaa kwa wale, Ménage angeitambua mara moja.

Kuupima ujumbe wa shangazi

Sasa turudi kwenye ujumbe. Matoleo yake ya Kiingereza yamekuwa yakizunguka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwanza kwa barua pepe, sasa kwa simu. Umekuwa na nguvu za kutosha kubadili mambo: mwaka 2000 chuo kikuu kimoja cha umma katika jimbo la New York kiliiondolea jina la pikiniki sherehe ya kumuenzi Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi katika besiboli ya Marekani, baada ya wanafunzi kulalamika kwa sababu hiyohiyo.

Anayedai kwamba neno fulani limetoka mahali fulani anabeba mzigo wa kuonyesha mambo machache. Kwanza ni tarehe, na tarehe peke yake zinatosha hapa. Mwaka 1649, neno lilipochapwa Paris, Marekani kama nchi ilikuwa bado miaka 127 mbele. Waafrika wa kwanza walikuwa wameletwa Virginia miaka thelathini tu iliyopita, mwaka 1619, na koloni lenyewe lilikuwa vijiji vya pembezoni vilivyokuwa vikipigania kuishi. Mauaji ya umati yanayotajwa, yale yaliyogeuzwa tamasha, ni ya zaidi ya miaka mia mbili baadaye. Hata ujumbe unaposema "enzi za utumwa" unakosea. Wakati wa utumwa mtumwa aliteswa na kuuawa, na mateso hayo yasipunguzwe na yeyote. Lakini machoni pa bwana wake alikuwa mali yenye bei. Umati wa maelfu unaokusanyika kumuua mtu mweusi uliongezeka baada ya utumwa kuisha, hasa kuanzia miaka ya 1880, baada ya watu walioachwa huru kuanza kupiga kura, kununua ardhi na kufungua maduka.

Jambo la pili ni njia. Kama neno lingezaliwa kusini mwa Marekani, lingepaswa kuonekana huko kwanza, kisha Uingereza, kisha Ufaransa. Tumeona limesafiri kinyume: Paris, Leipzig, London, na ndipo ng'ambo ya Atlantiki. La tatu ni maana. Katika karne na nusu za mwanzo neno halikuhusu kukusanyika nje, ilhali ujumbe wote unasimama juu ya kukusanyika nje.

Kinachobaki upande wa pili ni mlio. Pikiniki, inapotamkwa kwa Kiingereza, inafanana kidogo na maneno yale mawili. Na mlio ndio unaowashawishi watu wengi zaidi kila mahali, nasi tumo. Bagamoyo ni mfano wa nyumbani. Wapo wanaosema jina ni kilio cha mateka waliofikishwa pwani: bwaga moyo wako hapa, huu ndio mwisho wa matumaini. Wapo wanaosema ni sauti ya wapagazi waliomaliza miezi ya kubeba mizigo kutoka bara: hapa moyo unatua, tumefika. Maelezo yote mawili yanategemea mlio uleule. Utumwa uliopita Bagamoyo una ushahidi wa kutosha usiohitaji jina la mji, na hata tukikubaliana kwamba waliosema ni wapagazi, hakuna mnyororo hata mmoja unaofutika.

Ndivyo ninavyoliona na jambo hili la pikiniki, na ndiyo maana sikutaka kumjibu shangazi kwa neno moja la "uongo". Watu hawashiki ujumbe kama ule kwa sababu ni wajinga. Wanaushika kwa sababu jambo lililotendeka ni kubwa kuliko nafasi liliyopewa katika vitabu vya shule, nalo likikosa mahali pa kukaa hukaa ndani ya neno.

Yaliyotendeka kweli

Mwezi Machi 1892, Memphis, Tennessee, wanaume watatu weusi, Thomas Moss, Calvin McDowell na Will Stewart, walitolewa jela usiku na kundi la Wazungu wakapigwa risasi. Kosa lao la msingi lilikuwa duka. People's Grocery lilikuwa duka la ushirika la watu weusi, na lilikuwa likimnyang'anya wateja mfanyabiashara Mzungu wa jirani. Moss alikuwa rafiki wa Ida B. Wells, mwandishi wa habari mwenye umri wa miaka 29. Wells aliacha kuamini kwamba wanaouawa ni wahalifu, akaanza kuchunguza kisa kimoja baada ya kingine, jina, tarehe, mahali, tuhuma. Mwezi Mei mwaka huohuo ofisi ya gazeti lake ilivunjwa akiwa safarini, naye akaonywa asirudi. Hakunyamaza, aliendelea kuchapa akiwa kaskazini, na kazi yake ndiyo inayotuwezesha leo kuzungumza kwa uhakika.

Jumapili ya tarehe 23 Aprili 1899, karibu na Newnan, Georgia, Sam Hose aliteswa na kuchomwa moto mbele ya watu wapatao elfu mbili. Treni maalumu ziliwaleta watazamaji kutoka Atlanta. W. E. B. Du Bois, mtafiti mweusi aliyekuwa akifundisha huko Atlanta, alikuwa njiani kwenda kwenye ofisi ya gazeti na barua yake mkononi alipoambiwa kwamba vifundo vya vidole vya Hose vimewekwa dukani vitazamwe. Aligeuka akarudi. Baadaye alieleza kwamba siku ile alitambua kuwa mtu hawezi kubaki mtafiti mtulivu wakati watu wanauawa hivyo.

Tarehe 15 Mei 1916, Waco, Texas, kijana wa miaka 17, Jesse Washington, aliburutwa kutoka mahakamani na kuchomwa mchana kweupe, umati wa watu zaidi ya elfu kumi ukitazama, wanafunzi wakiwa wametoka shule kwa chakula cha mchana. Mpiga picha alikuwepo kazini. Picha ziliuzwa kama kadi za posta. Biashara ya kadi za namna hii ilikuwa imeenea kiasi kwamba mwaka 1908 serikali ilishaipiga marufuku kupita posta, na watu waliendelea kuzituma wakiwa wamezitia ndani ya bahasha. Ukizitazama, na sikushauri kuzitazama ukiwa peke yako, kinachokaa moyoni ni nyuso za walio hai. Wasichana wamevaa magauni ya Jumapili. Baba amembeba mwanawe begani aone vizuri.

Taasisi ya Tuskegee iliyokuwa ikiweka kumbukumbu ilihesabu watu 4,743 waliouawa na umati Marekani kati ya 1882 na 1968, na 3,446 kati yao walikuwa weusi. Tangu 2018 kuna ukumbusho Montgomery, Alabama, wenye nguzo za chuma zaidi ya 800 zinazoning'inia, kila nguzo ni ya wilaya moja na majina ya waliouawa humo. Sheria ya nchi nzima ya kuyafanya mauaji hayo kuwa kosa la jinai la shirikisho iliombwa bungeni mara mia mbili hivi. Ilitiwa saini tarehe 29 Machi 2022.

Kwa hiyo ndiyo, watu walikuja na watoto, na chakula kililiwa. Magazeti ya wakati ule yalifananisha hali za mikusanyiko hiyo na sikukuu na pikiniki. Yaliweza kufananisha kwa sababu neno lilikuwepo tayari na kila msomaji alilijua kama neno la raha. Ukibadilisha mpangilio, ukasema neno lilizaliwa na mauaji, unawapa wanaotaka kuyafuta mauaji nafasi rahisi: wataonyesha kamusi ya Ufaransa, watasema "mnaona, mmetunga", kisha watafunga mjadala wote pamoja na majina ya Moss, Hose na Washington ndani yake. Hiyo ndiyo sababu kubwa ninayopingana na ujumbe ule. Majina haya yana ushahidi wa mahakama, magazeti na picha. Yasiegemezwe kwenye kitu kitakachovunjika.

Nilimpigia shangazi simu jioni ile, nikamweleza karibu yote niliyoandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na wao wenyewe, watu weusi wa huko, wanaliitaje?"

Wanaliita pikiniki. Walikuwa wakiliita hivyo hata katika miaka ile mibaya, kwenye picha za makanisa yao, kwenye matangazo ya mikutano ya koo, na zaidi ya yote kwenye Juneteenth, kumbukumbu ya tarehe 19 Juni 1865, siku Jenerali Gordon Granger alipotangaza Galveston, Texas, kwamba watumwa wa jimbo hilo wako huru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa. Sherehe zilianza mwaka uliofuata. Shida ilikuwa mahali pa kukaa, kwa kuwa viwanja vya miji mingi vilikuwa vya Wazungu. Huko Houston, mwaka 1872, watu waliokuwa watumwa miaka saba tu nyuma, wakiongozwa na Mchungaji Jack Yates na wenzake, walichanga. Kila mtu alitoa fungu lake, wakanunua ekari kumi ili wapate mahali pa kusherehekea na kula pamoja bila kumwomba mtu ruhusa. Wakapaita Emancipation Park, Bustani ya Ukombozi. Kwa miaka mingi ya ubaguzi ilikuwa bustani pekee ya umma mjini humo ambayo mtu mweusi aliweza kuingia, na bado ipo, na kila Juni watu huja na vyakula vyao.

Shangazi alikaa kimya kidogo kwenye simu. "Basi hao walikula bia," akasema.